Breki Nilizofunga Mimi

Siku mliyoniaga, vijana wa karakana, mlinipa redio na mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Redio naisikiliza. Maandishi yamechelewa kwa sababu mkono uliozoea spana haupendi kalamu. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na sijaona gari lililotengenezwa na cheo. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika jinsi nilivyoanza, na zaidi nitaandika siku tulipokwenda Shinyanga kucheza mpira, maana wengi wenu mmeisikia kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilifika kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi nikitokea kwetu Mwamapalala, nikiwa na cheti cha ufundi na viatu vya kaka yangu. Wakati huo hakukuwa na mkoa wa Simiyu. Tulikuwa Shinyanga, na kila jambo la maana lilikwenda kusainiwa Shinyanga. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mzee Luhende, dereva wa lori la kiwanda, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pamba aliyofumiwa na mke wake.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu. "Hili gari linaumwa wapi?"

Nilifungua boneti. Nikagusa waya huu, nikanusa ule, nikamwambia tatizo liko kwenye kabureta.

"Haliumwi popote," akasema. "Nilitaka kuona kama unajua kusema hujui."

Nilicheka pamoja naye, lakini somo lenyewe sikulishika. Nilikuja kulishika baadaye, kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka ile ya mwanzo spea zilipatikana kwa kibali. Ukihitaji beringi unaandika barua, barua inapita meza hadi meza, na beringi inakuja wakati umeshasahau ilikuwa ya gari gani. Kwa hiyo tulijitengenezea. Gasketi tulikata kwenye maboksi. Mipira tulichonga kwenye tairi kuukuu. Spana namba kumi na saba ilikuwa moja karakana nzima, nami niliifunga kiunoni kwa kamba, hata chooni nilikwenda nayo.

Halafu ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kuonekana barabarani na pikapu zao, wakigombania pamba ambayo zamani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Mjini Bariadi yakafunguliwa maduka ya spea yenye rafu zilizojaa hadi juu. Ninyi mmezaliwa mkayakuta, hamwezi kuelewa. Nilisimama dukani siku ya kwanza nikitazama vile viboksi vyenye rangi, nikashindwa kukumbuka nilichotumwa. Mzee Luhende yeye aliviangalia kama anavyoangalia ng'ombe wa mnadani: akabinya, akanusa, akarudisha.

"Raba za breki unazilaza kwenye oili ya breki usiku mzima," alinifundisha. "Asubuhi zikiwa vilevile, funga. Zikiwa zimevimba, rudisha kwa mwenye duka, umwambie akafunge kwenye gari la baba yake."

Sasa niwaambie kuhusu timu. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, wachezaji wakitoka kwenye mashine, kwenye mizani na kwenye ulinzi. Meneja wa timu alikuwa Mama Kabula, karani wa stoo, mwanamke mfupi aliyevaa saa ya kiume. Jezi zilikaa nyumbani kwake, na ukichana jezi unaishona mbele yake. Golikipa alikuwa Nkwabi, mbebaji wa marobota, mtu mwenye mabega kama mlango. Alikuwa na domo. Golini hakunyamaza hata dakika moja. Aliwapanga mabeki, akamshauri mwamuzi, akamsalimia mshambuliaji wa upande wa pili na kumuuliza habari za nyumbani. Aliyeweza kumnyamazisha ni Mama Kabula peke yake.

Mwaka ule tulikuwa tumebakiza mechi moja, ugenini, dhidi ya timu ya Shinyanga mjini. Mshindi angekwenda Mwanza kwenye fainali za viwanda. Na ilikuwa imeshasemwa wazi kwamba kiwanda kitapunguza wafanyakazi, orodha inaandaliwa. Tulijiambia, kwa akili zetu za wakati ule, kwamba hakuna meneja anayeweza kuwaachisha kazi watu waliofika Mwanza. Kwa hiyo haikuwa mechi ya kujifurahisha. Watu walifanya mazoezi hadi wake zao wakalalamika.

Wiki ya safari nilibadilisha raba za breki kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nilizinunua dukani, mpya, zimefungwa kwenye nailoni. Nilikuwa na kazi nyingine tatu zinanisubiri. Mzee Luhende alipita akanikuta nakaza nati za tairi.

"Sayi, raba umezilaza kwenye oili?"

"Ndiyo, mzee."

Sikuwa nimezilaza. Hilo "ndiyo" lilinitoka bila kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi na mapema, mechi ikiwa saa kumi alasiri. Mzee Luhende kwenye usukani, mimi pembeni yake na sanduku la vyombo miguuni. Nyuma, kwenye bodi, walikaa wachezaji wote na Mama Kabula juu ya gunia la jezi. Walimwomba akae mbele akakataa, akasema akiwa mbele Nkwabi ataongea hadi Shinyanga.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Ardhi yetu nyeusi ya mbuga mnaijua: ikikauka inapasuka, ikilowa inakamata. Hatujafika Maswa lori likazama hadi ekseli. Tulisukuma, tukakata matawi, tukatandika, tairi zikayameza. Wachezaji waliokuwa wamepaka viatu rangi asubuhi wakawa na matope hadi masikioni.

Karibu na hapo mwanamume mmoja alikuwa analima kwa jembe la ng'ombe na mke wake akiongoza mbele. Mzee Luhende alimwendea akamwamkia kwa Kisukuma, wakaulizana koo zao mpaka nikaanza kuangalia jua.

"Mnakwenda kucheza na nani?" yule mkulima akauliza.

"Shinyanga."

"Mimi nashangilia Shinyanga. Mdogo wangu yuko kule."

Tukaangalia tairi zilizozama.

"Lakini ng'ombe hawa hawana timu," akasema, akaanza kufungua mnyororo wa jembe. Alileta jozi mbili. Mke wake ndiye aliyewaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na lori likatoka kwa sauti kama ya mtu anayevuliwa kiatu kibichi. Mzee Luhende akasema, "Wabeja sana," nasi sote tukaitikia kushukuru. Nkwabi aliwaahidi ng'ombe kwamba akidaka penalti itakuwa yao.

Maswa tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Muda ulikuwa umekwenda sana. Mzee Luhende hakuwa dereva wa mbio, ila baada ya Maswa barabara ilikuwa kavu kidogo naye akaliachia lori likimbie.

Kuna mahali barabara inashuka kwenda kwenye daraja jembamba. Tulipochomoza juu ya mteremko tuliona daraja limejaa ng'ombe, kundi zima, na wachungaji wawili katikati yao. Mzee Luhende akakanyaga breki. Nikasikia kiatu chake kikigonga sakafu. Akakanyaga tena. Kiatu kikagonga tena. Sauti ile ya kiatu na bati ninaijua hadi leo kuliko sauti ya redio yenu.

"Breki?" nikauliza.

"Hakuna."

Alisema polepole kabisa, kama mtu anayeulizwa chumvi. Mkono mmoja ukashika usukani, mwingine ukavuta hendibreki kisha ukarudisha gia; injini ikapiga kelele, lori likapungua lakini si vya kutosha. Alipiga honi. Ng'ombe walituangalia tu. Nyuma niliwasikia watu wakigonga paa la kebini. Mzee akatazama kushoto, akaona shamba la mahindi lililopaliliwa karibuni, akakata usukani.

Tuliruka mtaro mdogo. Sanduku langu la vyombo lilipanda hadi usawa wa uso wangu. Kisha mahindi yakaanza kupigwa na bampa, tope likakamata tairi za mbele, zikafuata za nyuma, na lori likasimama lenyewe, taratibu, mita chache tu kabla ya mti wa mgunga. Mzee Luhende alizima injini, akavua kofia, akajifuta uso kwa kofia hiyo.

"Shuka uwahesabu watu," akaniambia.

Wote walikuwepo isipokuwa Nkwabi. Yeye aliruka tulipokuwa bado barabarani. Tulimkuta amekaa kando ya mtaro, amekumbatia mkono wake wa kulia, na kifundo kimekaa mahali ambapo kifundo hakikai. Hakuwa anaongea. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa kumwona Nkwabi hana la kusema.

Mwenye shamba, mama mmoja, alikuja mbio na jembe begani. Nadhani alikuja kwa ajili ya mahindi yake, lakini alipoona wanaume wazima wanatetemeka aliweka jembe chini akaenda kuleta maji ya kunywa. Mama Kabula alichana khanga yake, akaukata ubao wa sanduku, akaufunga mkono wa Nkwabi bila kumuuliza.

Mimi nilifungua gurudumu la nyuma kushoto. Oili yote ya breki ilikuwa imemwagika ndani. Nilitoa raba moja kwenye silinda. Ilikuwa imevimba na kulainika kama maharage yaliyokaa majini. Nilipoibinya ikakatika katikati ya vidole. Kwenye kiganja ilikuwa kitu kidogo sana. Mzee Luhende alikuwa amechuchumaa karibu yangu.

"Sayi. Ulizilaza kwenye oili?"

Wachezaji walikuwa wamesimama nyuma yetu, wote. Ningeweza kusema ndiyo mara ya pili. Raba feki zilikuwa nyingi sokoni, na hakuna ambaye angenipinga. Na orodha ya kupunguzwa ilikuwa bado haijabandikwa.

"Hapana, mzee. Nilikudanganya."

Hakunitukana. Alinyanyuka akaenda kusimama peke yake kwenye mahindi, ametupa kisogo, na mimi nikatamani anitukane. Mchezaji mmoja akasema, "Ungetuua." Ilikuwa kweli.

Mama Kabula alitoa daftari la timu kwenye mkoba. Kila safari alimwandikia meneja wa kiwanda ripoti.

"Fundi, hapa niandike nini?"

"Andika kwamba ni mimi. Sikujaribu raba, na nikamdanganya dereva."

Akaninyooshea kalamu na daftari. "Andika mwenyewe."

Niliandika pale pale, daftari likiwa juu ya goti, nikaweka jina langu lote. Halafu nikarudi kwenye gurudumu, kwa sababu Shinyanga ilikuwa bado mbele na mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Hili ni la kazi, lisomeni vizuri, lakini msilifanye kama hamjakwama kweli. Nilivunja beringi kuukuu niliyokuwa nayo sandukuni nikatoa gololi inayolingana na paipu ya breki. Nikaiweka kwenye mdomo wa paipu ya gurudumu bovu na kukaza nati juu yake, ili gurudumu hilo likae bila breki na matatu yaliyobaki yafanye kazi. Oili ilikuwa imekwisha. Mama Kabula alikuwa na mche wa sabuni ya kufulia jezi. Tulikwangua sabuni kwenye maji safi ya yule mama, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina. Mchezaji mmoja akapanda kukanyaga pedeli, mimi chini nikitoa upepo gurudumu kwa gurudumu, mpaka pedeli ikasimama. Maji ya sabuni yanaozesha mfumo mzima, na kesho yake lazima uoshe kila kitu. Lakini kwa siku moja yanasukuma.

Wachungaji wa lile kundi walitusaidia kulisukuma lori hadi barabarani. Mzee Luhende alijaribu breki mara kumi akienda mbele na kurudi. Ndipo akaongea na mimi.

"Unakaa mbele, pale pale ulipokuwa. Ikishindwa tena, nataka tuangaliane."

Alikwenda kwa gia ndogo njia nzima. Tulifika uwanjani mwamuzi akiwa anaangalia saa na wenyeji wameshapanga mstari. Mama Kabula alimtaka Nkwabi aende hospitali moja kwa moja. Alikataa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkatalia. Alikaa nyuma ya goli letu, mkono umefungwa kwenye ubao, akimwelekeza beki aliyevaa glavu zake. Tulifungwa mbili kwa moja. Goli la pili lilikuwa shuti la kawaida la mbali, ambalo Nkwabi angelidaka huku anapiga soga. Lilipoingia hakuna aliyenigeukia. Nilijua kwamba walijizuia kwa makusudi.

Jioni hiyo Nkwabi alipelekwa hospitali akafungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Sisi tulipewa darasa la shule kulala. Fundi wa timu ya wenyeji, mtu niliyekuwa simjui, alisikia habari yetu akaniletea raba nne na oili ya breki ya kutosha, akaniambia, "Hata mimi imewahi kunipata, ila mimi sikusema." Nilizilaza zile raba kwenye kikombe cha oili hadi asubuhi. Zilipokuwa vilevile nilianza kazi: nikaosha paipu zote kwa spiriti, nikafunga raba, nikatoa upepo, nikaendesha kuzunguka uwanja wa shule mara tatu, nikikanyaga breki kwa nguvu hadi tairi zikachora mchanga.

Nilipozima injini wachezaji walikuwa wamekusanyika na mizigo yao. Hakuna aliyepanda. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Wengine wakawa wanaulizana habari za basi. Mzee Luhende alisimama mlangoni mwa kebini. Hakutaka kuwalazimisha, na sikumlaumu. Mimi nilikuwa na kitambaa cha mafuta mkononi na sikujua nikiweke wapi.

Nkwabi alitoka darasani, plasta nyeupe kifuani. Alikuwa ameambiwa atakaa mbele kwa sababu ya mkono. Akapita mlango wa mbele, akaja hadi nyuma ya bodi, akatazama juu.

"Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zimelala?"

"Zimelala usiku kucha."

"Basi nisukume. Kwa mkono mmoja siwezi kupanda."

Nilimshika kiunoni nikamsukuma. Alikuwa mzito, bega langu liliuma siku nyingi. Alipokaa juu akaanza kuongea, akawaita wenzake kwa majina, akamuuliza beki aliyekuwa golini kama kwao wanadaka mpira kwa macho. Wakapanda mmoja mmoja. Hatukupata shida yoyote hadi Bariadi.

Jumatatu meneja aliniita. Daftari lilikuwa mezani.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, bwana meneja."

"Unajua nina orodha hapa?"

"Najua."

Alinitoa karakana. Msimu wa pamba ulipoanza niliwekwa kwenye mashine ya kufunga marobota, kazi ya vumbi na kelele, karibu na Nkwabi ambaye mkono wake ulikuwa umeunga lakini hakuweza tena kudaka mpira wa nguvu. Hakuwahi kunitajia. Mimi nilimtajia mara moja, nikamwomba radhi, akasema, "Aliyeruka ni mimi, waliobaki juu hawakuvunjika," akageuza mazungumzo. Sikukubaliana naye wakati ule, na sikubaliani naye leo.

Orodha ilipobandikwa jina langu halikuwemo. La Mama Kabula lilikuwemo. Siku yake ya mwisho alirudisha jezi zote, zimefuliwa na kupigwa pasi, akaziweka juu ya meza ya stoo, akavaa saa yake vizuri akaondoka. Timu haikucheza tena. Kiwanda kikapata mmiliki mpya, magari yakaongezeka, mafundi wakaletwa kutoka mjini wakiwa na maboksi ya vyombo yanayong'aa.

Mzee Luhende na mimi tulikuwa tukisalimiana tu. Mwangaluka, mwadila, basi. Nilikuwa nimekubali kwamba ndivyo itakavyokuwa. Kisha siku moja mchana, msimu unaelekea mwisho, niliona mtu mrefu amesimama kwenye vumbi la mlango wa mashine. Alinipungia mkono nikatoka nje, masikio bado yanavuma.

"Kuna lori jipya breki zinavuta upande," alisema. "Kesho linabeba watu kwenda Mwanza. Nimeshaongea na bosi."

"Mzee, karakana kuna mafundi watano."

"Nimewaona. Wazuri." Akatazama kiwanjani, si usoni kwangu. "Hawajawahi kuogopa. Mimi nataka aliyewahi kuogopa."

Nilijipangusa pamba kichwani, nikamfuata.